Filamu Fupi kwa Simu Masasi na Newala: Picha Imeshuka Bei, Sauti na Ridhaa Bado

Kila simu mpya inapoingia sokoni huja na tangazo lilelile: milima, machozi, mvua inayonyesha polepole, na maandishi madogo yanayodai kwamba vyote vimepigwa kwa simu hiyo. Kijana wa Masasi mwenye simu ya kawaida analiona, anatazama mafunzo mawili matatu ya YouTube, anaweka fremu 24 kwa sekunde, anapiga, anahariri kwa CapCut. Akimaliza anapata kitu kinachofanana na video ya mahafali. Hapo ndipo ubishi unapozuka. Wapo wanaomwambia simu yake ni ya bei rahisi mno. Wapo wanaosema simu yoyote ile si kamera. Wengine wanasema kosa ni lake, maana huko duniani watu wameshinda tuzo kwa simu duni kuliko hiyo. Na hakosekani wa kuuliza: kibali unacho?

Kila mmoja wao ana ukweli wake, ila kila mmoja anajibu swali lake. La kwanza ni la fedha, la pili la kifaa, la tatu la ufundi, la nne la sheria. Yakichanganywa, mtu anaishia kukopa ili anunue simu ghali zaidi, kumbe shida yake ilikuwa upepo.

Kamera haikuja jana

Uwanda wa Makonde, kusini mashariki mwa Tanzania, ambako ndiko iliko Newala, na Masasi jirani yake, si wageni wa kamera. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, Ujerumani, aliingilia Lindi akafika Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mtambo wa kupigia picha za mwendo pamoja na fonografu ya kunasia sauti. Alipiga ngoma na michezo ya wenyeji, na picha hizo ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kupigwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Picha ilikuwa na mtambo wake na sauti ilikuwa na wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1908 kina malalamiko juu ya upepo wa Newala, vumbi lake na baridi yake ya jioni. Jambo jingine hakulilalamikia, kwa kuwa halikumgusa yeye: alitembea akilindwa na askari wa serikali ya Kijerumani, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kupita Masasi. Aliyesimama mbele ya kamera ile hakuwa na nafasi kubwa ya kusema hapana.

Miaka 30 hivi baadaye, Vugiri katika milima ya Usambara, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu zipatazo 35 kati ya 1935 na 1937. Waendeshaji wake walichagua filamu nyembamba ya milimita 16 kwa ajili ya unafuu, na sauti wakaiweka pembeni kwenye santuri. Picha ilipatikana. Kuioanisha na sauti mbele ya watazamaji ndiko kulikosumbua. Swali la kutengeneza sinema kwa kifaa cha bei nafuu, basi, ni la zamani kuliko simu, na mara nyingi limekwama upande wa sauti.

Wanaosema simu inatosha

Kambi hii ina ushahidi. Mwaka 2008 Afrika Kusini ilitoa *SMS Sugar Man* ya Aryan Kaganof, iliyopigwa kwa simu za mkononi wakati kamera za simu zilikuwa bado za hovyo. Mwaka 2011 Park Chan-wook wa Korea Kusini alishinda Dubu wa Dhahabu wa filamu fupi jijini Berlin kwa *Night Fishing*, iliyopigwa kwa iPhone 4. Mwaka 2015 Sean Baker alipeleka Sundance *Tangerine*, iliyopigwa kwa iPhone 5s. Karibu zaidi na sisi, vijana wa Kaduna, Nigeria, wanaojiita The Critics Company, walijulikana mwaka 2019 kwa filamu fupi za kubuni sayansi walizozipiga kwa simu iliyopasuka kioo.

Kwa kipimo cha kifaa peke yake hoja hii haina mpinzani. Simu ya kawaida inayouzwa leo kwenye maduka ya Masasi mjini ina picha safi kuliko iPhone 4 ya wakati ule. Baadhi ya makampuni, Tecno wakiwamo, yamefanya kazi ya makusudi kurekebisha kamera zao ziwatendee haki watu wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo watengenezaji wa filamu za mkanda walilipuuza kwa miongo mingi. Programu nazo zimeshuka bei. Open Camera ni ya bure, na Blackmagic Camera, inayotolewa bure pia, ilifika kwenye baadhi ya simu za Android mwaka 2024.

Kasoro ya kambi hii ni kutaja simu na kunyamazia bajeti. *Tangerine* iligharimu takriban dola 100,000 za Marekani, na juu ya lenzi ya simu kulikuwa na lenzi ya ziada ya kutanua picha. *Night Fishing* iligharimiwa na kampuni ya simu, na bajeti yake ilizidi dola 100,000 ingawa ni ya dakika 33 tu. *28 Years Later* ya Danny Boyle, ya mwaka 2025, ilipigwa kwa sehemu kubwa kwa iPhone 15 Pro Max, lakini kuizunguka simu hiyo kulikuwa na lenzi, vyuma, taa na kikosi kizima cha watu. Fedha zilizookolewa kwenye kamera zilihamia kwa waigizaji, sauti na uhariri. Wa Newala asiye na fedha za kuhamisha hajifunzi mengi kwa kuambiwa kwamba Boyle naye alitumia simu.

Wanaosema kodi kamera

Kambi ya pili ni ya mafundi, hasa wapiga video za harusi, ambao ndio wenye kamera za kweli katika miji hii. Hoja yao imesimama kwenye fizikia. Kihisi mwanga cha simu ni kidogo, kwa hiyo usiku kinakusanya mwanga haba na programu inalazimika kuipaka picha rangi ya kubahatisha. Chembechembe zinajaa, uso unalainika mpaka unafanana na nta. Kamera yenye kihisi kikubwa na lenzi za kubadilisha inamwona mtu kwa mwanga wa kibatari. Ina tundu la kuingizia maiki ya maana. Inavuta ngoma iliyo mita 50 mbele bila kuiharibu, wakati simu nyingi za kawaida hukuza kwa kuikata picha tu.

Wana haki. Ila hoja yao inagota kwenye kalenda ya korosho. Mavuno huanza karibu na Septemba, minada hufunguliwa Oktoba, na malipo yanayopitia vyama vya ushirika huamsha maisha ya mji wote: harusi, ngoma, ujenzi, madeni ya mwaka mzima. Huo ndio msimu wenye hadithi nyingi za kupiga, na ndio msimu ambao mwenye kamera hana siku hata moja ya bure, wala sababu ya kupunguza bei. Ukimpata, umempata kwa siku moja. Filamu fupi ya dakika nane iliyopigwa kwa siku moja na watu wasiozoea kamera itaonesha haraka yake. Mwenye simu anaweza kurudi kwenye mwembe uleule jioni sita mfululizo hadi mwigizaji wake aache kuitazama lenzi.

Kamera kubwa inaita watu pia. Ukiisimamisha karibu na mzani wa chama cha msingi, kila mtu anaanza kuigiza, na mwenye mzani anaanza kuuliza umetumwa na nani. Simu haimshtui mtu. Hiyo ni faida kwa picha, na ni hatari kwa haki za watu, kama itakavyoonekana.

Jua la utosini

Nusu ya kinachoitwa mwonekano wa sinema ni mwendo, na nusu ni mwanga. Upande wa mwendo, sinema imezoeza macho yetu fremu 24 kwa sekunde, kila fremu ikipata mwanga kwa karibu nusu ya muda wake, yaani shata ya 1/48 au 1/50. Simu nyingi hazina tundu la lenzi linaloweza kufinywa. Mchana wa Masasi njia pekee ya simu kujikinga na jua ni kuikimbiza shata hadi 1/2000 au zaidi, na mtu anayetembea anaonekana akikatikakatika. Dawa yake ni kichujio cheusi cha kupunguza mwanga, kinachobanwa juu ya lenzi. Kazi ambayo wengi huikabidhi programu ya kuhariri hufanywa na hicho kioo kidogo.

Upande wa mwanga, jiografia haina huruma. Masasi na Newala ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, na jua hupita juu kabisa ya utosi karibu na tarehe 20 Oktoba, kisha tena karibu na tarehe 20 Februari. Msimu wa minada unaanza wakati ambao jua la mchana linachimba mashimo meusi machoni mwa kila mtu. Mbaya zaidi, simu inapoona anga jeupe nyuma ya uso mweusi, huokoa anga na kuuzamisha uso. Kufunga mwangaza na fokasi kwa kubonyeza na kushikilia usoni mwa mwigizaji ni jambo la sekunde mbili, na linashinda kichujio chochote cha rangi kitakachowekwa baadaye. Kilichobaki ni saa: tangu saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na tangu saa 10 na nusu jioni hadi jua lizame. Katikati ya siku, pigia ndani ya nyumba karibu na dirisha au mlango, au barazani. Chini ya mkorosho pana kivuli, lakini kina madoa ya jua ambayo simu haiwezi kuyasawazisha.

Dokezo kuhusu salfa. Mkulima anapopulizia mikorosho katikati ya mwaka, wingu la unga huo asubuhi ni picha ambayo kila mpiga picha huitamani. Ni unga unaowasha macho na kuingia kwenye spika na tundu la chaji. Pigia mbali, upande upepo unakotoka.

Upepo wa Newala

Hapa ndipo filamu nyingi za simu zinapofia. Mtazamaji huvumilia picha yenye chembechembe, lakini maneno yasiyosikika humfukuza. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, na palipo na mandhari bora kuliko pote, Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma likiwa chini na Msumbiji ng'ambo, ndipo upepo unapopanda bila kizuizi. Maiki ya simu imetengenezwa kupokea sauti kutoka pande zote na kujipandisha yenyewe pakiwa kimya. Upepo ukitulia, inatafuta. Inakutana na jogoo wa jirani, bodaboda inayopanda kilima, spika ya baa. Mazungumzo yaliyopigwa pale kwa simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji hayatengenezeki tena kwa programu yoyote.

Njia ya kwanza ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ya waya au isiyo na waya, yenye kifuniko cha manyoya, ikifichwa chini ya kanga au kola. Ya pili haigharimu kitu: simu nyingine, hata ya zamani, iwekwe kwenye mfuko wa shati la mwigizaji ikirekodi sauti, na makofi yapigwe mara moja mwanzoni ili mhariri apate mahali pa kuoanisha. Ina kikwazo chake. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kichinichini wakati zinarekodi, hivyo kipande kirefu huachana na sauti yake taratibu. Vipande vifupi, chini ya dakika moja, hupunguza tatizo.

Njia ya tatu hupuuzwa kwa kuwa huonekana ya kizamani, na nadhani ndiyo inayoufaa uwanda huu kuliko zote: filamu isiyotegemea mazungumzo ya nje, yenye masimulizi yaliyorekodiwa baadaye chumbani, madirisha yamefungwa na blanketi likiwa ukutani. Afrika Mashariki inalijua jambo hili. *Who Killed Captain Alex?* ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, mwaka 2010 kwa fedha kiduchu, ilivuka mipaka ikibebwa na sauti ya VJ Emmie anayeizungumzia filamu nzima kwa mbwembwe. Tanzania ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilijaza vibanda vya video nchi nzima. Mtazamaji wetu amezoea sauti inayomwongoza, haioni kuwa kasoro. Masimulizi yanafungua mlango mwingine pia, wa msimuliaji kusema Kimakonde, Kimakua au Kiyao, na maandishi ya Kiswahili yakapita chini.

Anayekataa njia hii husema kwamba masimulizi ni uvivu, kwamba sinema ni kuonesha. Ni hoja nzuri ya darasani. Ina nguvu pale masimulizi yanaporudia kinachoonekana. Haina nguvu pale sauti inapotaja deni la msimu uliopita wakati picha inaonesha mtu akipanga magunia.

Kibali, mpaka na unyago

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, iliyorekebishwa mwaka 2019, iliandikwa enzi za mikanda, lakini simu haikumwondolea mtu wajibu. Kibali cha kutengeneza filamu na ukaguzi kabla ya kuionesha hadharani viko chini ya Bodi ya Filamu. Katika wilaya, mlango wa kwanza wa kubisha ni wa ofisa utamaduni. Wanaotetea utaratibu huu husema unalinda maadili na unampa mtengenezaji kinga: mwenye karatasi haondolewi eneo la kupigia katikati ya kazi. Wanaoupinga husema ulibuniwa kwa kampuni zenye mtaji, na ada na safari za ofisini zinaweza kuzidi bajeti nzima ya filamu ya simu. Wote wawili wanasema kweli. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizokuja na leseni na ada zake kisha nafasi yake ikachukuliwa na za mwaka 2020, ambazo nazo zimerekebishwa, ziliongeza giza, na wengi hadi leo hawatofautishi kuchapisha habari na kuweka hadithi ya kubuni.

Uwanda huu una sababu ya ziada ya kuwa na karatasi. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze Oktoba 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kushambuliwa Oktoba 2020, mtu asiyejulikana anayepiga picha za bonde la Ruvuma lazima aulizwe maswali. Kumwona mwenyekiti wa kijiji na mtendaji kabla ya kutoa simu mfukoni ni sehemu ya kazi. Droni ina idhini zake nyingine, na kwa filamu ya kwanza ni mzigo usio na lazima.

Ridhaa ni nzito kuliko kibali. Ngoma ya sindimba hupigwa hadharani, mbele ya viongozi na wageni, nayo ina historia ndefu ya kuoneshwa jukwaani. Jando na unyago ni kitu kingine. Vinyago vya mapiko vinapotoka, kuna wanaoruhusiwa kujua nani yuko ndani na kuna wasioruhusiwa, na yanayofundishwa mafichoni na makungwi na manyakanga hayakukusudiwa jicho la nje. Weule alipiga sherehe za namna hiyo akiwa na dola nyuma yake. Kijana wa leo hana dola nyuma yake, ila ana simu ambayo hakuna anayeiona ikirekodi, na uwezo wa kuisambaza ngoma hiyo kabla haijaisha. Kwenye sherehe hizi kuna watoto, na Sheria ya Mtoto ya 2009 pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 zinawahusu. Hoja kwamba "mila zitapotea tusipozirekodi" ina uzito inapotoka kwa wenye mila na wao ndio wakaamua kipi kirekodiwe. Ikitoka kwa anayetafuta watazamaji, ni udhuru.

Kuhusu muziki, wimbo uliopakuliwa una mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua. Kikundi cha ngoma cha mtaani, kikilipwa na kuandikishana, kitatoa muziki usiofanana na wa filamu nyingine yoyote.

Itaonwa wapi

Swali hili huulizwa mwisho na lilipaswa kuwa la kwanza. Filamu ya TikTok au ya kupitishwa WhatsApp hushikwa wima. Ya tamasha kama ZIFF la Zanzibar, au ya televisheni kama Sinema Zetu ya Azam, hulazwa. Kugeuza baadaye ni kukata vichwa. WhatsApp huibana video, hivyo nakala ya kumtumia mtu wa tamasha itumwe kama faili. Na kabla ya kujivunia 4K, piga hesabu ya nafasi: kwenye iPhone, dakika moja ya 4K kwa fremu 30 hula takriban megabaiti 170 hadi 350, kutegemea mfumo wa kubana. Filamu ya dakika nane yenye marudio kumi ya kila kipande haitaingia kwenye simu ya GB 64 iliyojaa picha za familia. HD ya kawaida inatosha kibanda chochote cha Masasi.

Mizani

Simu imeshusha bei ya picha peke yake. Sauti, muda wa kungoja jua, nauli na chakula cha waigizaji, kibali na imani ya wanakijiji vimebaki na bei ileile, na kwa kuwa kamera haiwatishi tena watu, imani hiyo imekuwa ghali kidogo. Kwa hiyo wanaosema simu inatosha wana haki kwa aina moja ya filamu: fupi, ya mchana au ya ndani, yenye watu wawili watatu, inayosimuliwa badala ya kujibizana, na inayopigwa kwa jioni nyingi na watu wanaojuana. Hadithi ya mama anayefuata maji bondeni, au ya mkulima anayesubiri jina lake lisomwe kwenye malipo, inaingia humo bila kubanwa. Mwenye fedha kidogo aanze na maiki, kisha stendi, kisha kichujio cha mwanga. Kishikio cha kutuliza mtikisiko, ambacho mafunzo yote hukitaja kwanza, kingoje. Picha iliyotulia juu ya stendi ina hadhi zaidi ya inayoelea bila sababu.

Wanaosema kodi kamera wana haki kwa aina nyingine: usiku, umati, ngoma ya kuvutwa kwa mbali, mazungumzo marefu ya nje. Hizo hazipatikani kwa kubadilisha mipangilio ya simu, na kuzilazimisha ndiko kunakozalisha zile video za mahafali. Aliyeandika hadithi ya namna hiyo ana njia mbili. Aiandike upya iingie mchana na ndani ya nyumba, au aikodi kamera kati ya Mei na Julai, kabla fedha za korosho hazijaingia, wakati kila mwenye kamera bado anapokea simu yako.